Chanjo ya UVIKO-19 kwa mwenye pumu: namna ya kujiandaa, kuchanjwa na kujiangalia baadaye

Uingereza ilianza kuwachanja wananchi wake dhidi ya korona tarehe 8 Desemba 2020 kwa chanjo ya Pfizer-BioNTech, na mara moja wafanyakazi wawili wa huduma ya afya, ambao tangu zamani walijulikana kuwa na mzio mkali, walipatwa na mzio wa ghafla, wakatibiwa na wakapona. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa tahadhari kwa watu wenye historia ya mzio mkali, na kabla ya mwezi kwisha ikaipunguza tahadhari hiyo hadi kwa wale tu wenye mzio wa viambato vya chanjo yenyewe. Marekebisho hayo hayakusambaa kwa kasi ya onyo la awali. Kwa kuwa mzio na pumu mara nyingi hukaa katika mwili mmoja, watu wengi wenye pumu walijihesabu ndani ya onyo lisilowahusu, na hofu hiyo ilikuwa bado hai Kenya ilipoanza kuchanja mwezi Machi 2021 na Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo Tanzania Bara tarehe 28 Julai 2021 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe dozi ya Johnson & Johnson.

Msimamo wa kitaalamu uko wazi: pumu peke yake haimzuii mtu kuchanjwa. Watu wenye pumu walikuwamo katika majaribio makubwa ya chanjo hizi, na Shirika la Afya Duniani linawaweka wenye magonjwa sugu ya mapafu miongoni mwa wanaostahili kupewa kipaumbele. Chanjo za Pfizer na Moderna hazina kirusi ndani yake, za Sinopharm na Sinovac zina kirusi kilichouawa, na za AstraZeneca na Johnson & Johnson hubebwa na kirusi cha aina nyingine kilichoondolewa uwezo wa kuzaana, kwa hiyo hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kumwambukiza mtu korona au kumletea nimonia ya korona. Kwa upande wa pili wa mizani, mtu ambaye pumu yake imemlazimisha kumeza vidonge vya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) karibuni ana hatari kubwa zaidi ya kufa akiambukizwa korona kuliko mwenye pumu iliyotulia. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mzima aliyekwisha kuambiwa na mganga kuwa ana pumu, na anayetaka kujua afanye nini kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: pima utulivu wa pumu yako

Kabla ya kuuliza kama chanjo ni salama, angalia kifua chako, kwa sababu mtu ambaye njia zake za hewa tayari zimevimba, akipatwa na mzio mkali kwa sababu yoyote ile, iwe sindano, chakula au kuumwa na nyuki, hupata shida kubwa zaidi ya kupumua kuliko mtu mwingine. Jiulize maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita. Je, umebanwa na kifua mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, umewahi kuamshwa usiku na pumu? Je, umetumia dawa ya kuvuta ya kutuliza, ile ambayo kwa kawaida huwa na kifaa cha bluu, zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu imekuzuia kufanya kazi au shughuli yoyote uliyozoea?

Majibu yote yakiwa hapana, pumu yako imedhibitiwa vizuri na unaweza kwenda kuchanjwa bila maandalizi mengine ya pekee. Ukijibu ndiyo mara moja au mbili, imedhibitiwa nusu. Nenda ukachanjwe, lakini panga pia kuonana na mganga wako. Ukijibu ndiyo mara tatu au nne, anza na kliniki ya pumu, dawa zirekebishwe, kisha uchanjwe ukiwa umetulia. Mwenye shambulio la pumu siku hiyo hiyo, au mwenye homa kali, anapaswa kuahirisha hadi apone, na aondoke kituoni akiwa na tarehe mpya mkononi, maana kuahirisha bila tarehe huishia kuwa kutochanjwa kabisa.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo waganga huliona kila siku. Wengi wetu hununua ile ya bluu peke yake, yenye salbutamoli, kwa sababu nafuu yake huonekana papo hapo, na dawa ya kuzuia yenye steroidi, kama vile beklometasoni, tunaiacha dukani. Salbutamoli hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache, lakini uvimbe wenyewe hauugusi. Dawa ya kuzuia ndiyo inayoutuliza uvimbe, nayo huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kufikia nguvu yake, hivyo aliyeiacha anapaswa kuirudia wiki mbili hadi nne kabla ya tarehe ya chanjo, asisubiri usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Angalia pia namna unavyovuta dawa, kwa kuwa dawa nyingi hugonga koo na kuishia hapo bila kufika mapafuni. Chumba cha kuvutia dawa (spacer), yaani kopo lenye uwazi ndani linalounganishwa na kifaa cha dawa, kinachouzwa famasi, husaidia sana, na anayeshindwa bei anaweza kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni kwa ukubwa wa mdomo wa kifaa cha dawa. Daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye shambulio la pumu, kuwa chupa ya namna hiyo ikitengenezwa vizuri hufanya kazi sawa na chumba cha dukani. Ioshe kwa maji yenye sabuni ya vyombo na uiache ijikaushe yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, kwa sababu kuifuta huzalisha umemetuli (umeme wa msuguano) unaoinasa dawa kwenye kuta za chupa.

Hatua ya pili: tenganisha mzio unaohusika na usiohusika

Mafua ya vumbi, macho kuwasha, kupiga chafya ukikaribia paka, kuvimba kwa sababu ya samaki au karanga, vipele baada ya kumeza vidonge vya penisilini: yote hayo ni mizio, na hakuna hata mmoja kati yake unaokukataza chanjo ya korona. Mzio wa mayai nao usikusumbue. Swali la mayai linatokana na chanjo nyingine, kama ya homa ya manjano na baadhi ya zile za mafua, ambazo hukuzwa katika mayai ya kuku, wakati chanjo za korona zilizotajwa hapa hazitengenezwi kwa mayai.

Viambato vinavyostahili kuulizwa ni viwili. Cha kwanza ni polietilini glaikoli, kilichomo katika Pfizer na Moderna, ambacho pia hupatikana katika baadhi ya dawa za kulainisha choo na za kusafisha utumbo kabla ya vipimo. Cha pili ni polisobeti 80, kilichomo katika AstraZeneca na Johnson & Johnson, na pia katika chanjo na dawa nyingine nyingi. Watu wachache huyajua majina haya, kwa hiyo ni vyema kuyatafuta kupitia dawa unazozikumbuka. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, Depo-Provera, ina viambato vyote viwili, na mwanamke aliyeichoma kwa miaka bila tatizo ana habari nzuri ya kumpa muuguzi. Sindano ya steroidi iitwayo Depo-Medrol, ambayo wengine huchomwa kwenye goti au bega, ina polietilini glaikoli. Ikiwa mojawapo ya sindano hizo iliwahi kukuletea mabaka ya kuwasha mwili mzima, kuvimba midomo au kukosa pumzi ndani ya saa chache, hilo ni la kumwambia daktari kabla ya kupanga foleni ya chanjo.

Kutokana na historia yako utaangukia katika kundi mojawapo. Asiyewahi kupata mzio mkali huchanjwa na kusubiri kituoni dakika 15. Aliyewahi kupata mzio mkali wa ghafla, ambao waganga huuita anafilaksisi, kwa sababu ya chakula, mdudu au dawa isiyohusiana na chanjo, bado anaweza kuchanjwa, ila husubiri dakika 30. Aliyewahi kuupata kwa dozi iliyotangulia ya chanjo ya korona, au kwa kiambato kimojawapo kati ya hivyo, hapaswi kupewa chanjo ya aina hiyo tena, na uamuzi wa kumpa ya aina nyingine ni wa daktari mwenye ujuzi wa mizio. Viambato hivyo viwili vinafanana kimuundo, hivyo mtu asijibadilishie chanjo mwenyewe akidhani amekwepa hatari.

Ukubwa wa hatari yenyewe unajulikana: kwa takwimu za Marekani, anafilaksisi baada ya chanjo za Pfizer na Moderna hutokea kwa watu wapatao 5 katika kila dozi milioni moja, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, na inatibika pale penye adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali. Andika historia yako ya mzio kwenye karatasi ukitaja kilichokudhuru, mwaka, dalili, muda uliopita kabla dalili hazijaanza, na tiba uliyopewa.

Hatua ya tatu: endelea na dawa zako

Dawa ya kuvuta yenye steroidi haiidhoofishi chanjo, na kuiacha siku chache kabla ya sindano, kama wengine wanavyofanya kwa nia njema, kunaleta hatari pasipo na faida. Anayemeza prednisoloni, yaani steroidi ya vidonge, kwa siku chache kutokana na shambulio la karibuni anaweza kuchanjwa mara anapopata nafuu. Anayemeza miligramu 20 au zaidi kila siku kwa wiki mbili au zaidi amfahamishe daktari, kwa kuwa kinga yake inaweza kuitikia chanjo kwa udhaifu na pengine akahitaji dozi ya ziada. Lakini asiziache ghafla, maana mwili uliozoea steroidi za vidonge huwa umepunguza kutengeneza za kwake. Wasomaji walioko Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba wanaochomwa sindano za kibayolojia za pumu kali, kama omalizumabu, wapange sindano hiyo na chanjo katika siku tofauti ili likitokea tatizo ijulikane limetokana na nini.

Usimeze dawa ya mzio au steroidi kwa kujihami kabla ya chanjo ikiwa si sehemu ya dawa zako za kila siku. Dawa ya mzio inaweza kuficha vipele, ambavyo mara nyingi ndivyo ishara ya mapema ya anafilaksisi, na isiuzuie mzio wenyewe.

Hatua ya nne: siku ya chanjo

Vuta dawa yako ya asubuhi kama kawaida, kula, kunywa maji, na ubebe dawa ya bluu pamoja na chumba au chupa yake, karatasi ya historia yako na kadi ya chanjo zilizotangulia. Hakikisha kopo la dawa halijaisha kwa kuhesabu mipulizo uliyokwisha kutumia au kusoma kihesabio chake. Desturi ya kulitumbukiza kopo kwenye maji kuona kama linaelea haitoi jibu la kuaminika. Foleni ikiwa uani penye vumbi au moshi wa jiko, omba kukaa pengine, na usione haya kueleza sababu.

Mwenye historia ya mzio mkali achague hospitali au kituo cha afya badala ya huduma ya mkoba inayowekwa sokoni au chini ya mti, na kabla ya kukaa kwenye kiti aulize kama adrenalini ipo na nani ataidunga. Swali hilo si utovu wa adabu; muuguzi makini hulipenda. Kisha jieleze kwa ufupi: “Sista, nina pumu na navuta dawa kila siku. Mwaka juzi nilivimba midomo baada ya kuchomwa sindano ya antibiotiki, na hapa nimeandika jina lake.” Baada ya sindano kaa mahali unapoonekana na wahudumu, wala usitoke nje kupiga simu kabla muda wako wa kusubiri haujaisha.

Hatua ya tano: tambua kinachotokea

Katika muda wa kusubiri mambo matatu yanaweza kufanana machoni pa mtu mwenye hofu. Kuzimia kwa sababu ya woga wa sindano huja na jasho jembamba, ngozi kupauka, kichefuchefu na mapigo ya moyo kwenda polepole, na mtu hupata nafuu punde anapolazwa chali miguu ikiinuliwa. Shambulio la pumu huanza na kifua kubana, kikohozi na sauti kama ya mluzi wakati wa kutoa pumzi, bila upele wala uvimbe, na kwa kawaida huitikia dawa ya bluu. Anafilaksisi huwa na mchanganyiko wa dalili zinazokuja upesi: mabaka ya kuwasha, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, mapigo kwenda mbio, kizunguzungu.

Kwa mwenye pumu, kosa la hatari ni kuendelea kupuliza ile ya bluu huku mzio ukipanda. Kifua kinapobana pamoja na dalili yoyote ya ngozi, ya uvimbe au ya kizunguzungu, dawa ya kwanza ni adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja kwa upande wa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na hurudiwa baada ya dakika 5 kama nafuu haijaonekana. Salbutamoli hufuata baadaye kama nyongeza. Hata pale ambapo mhudumu hana hakika kama ni pumu au ni mzio, adrenalini hufungua pia njia za hewa, kwa hiyo kusitasita kunadhuru zaidi kuliko kuchoma. Mgonjwa asisimamishwe wala kutembezwa. Alale, au akae kama pumzi inamshinda akiwa amelala.

Likiwa ni shambulio la pumu, mtu mzima avute mipulizo 4 hadi 10 ya salbutamoli kupitia chumba, mmoja baada ya mwingine, na anaweza kurudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza huku akielekea kwenye matibabu ikiwa haoni nafuu. Asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, au ambaye midomo yake inabadilika rangi, apelekwe hospitali mara moja.

Hatua ya sita: siku mbili tatu za kwanza

Mkono kuuma, homa, uchovu, kichwa na viungo kuuma ni matokeo ya kawaida na mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Kikohozi na mluzi kifuani si sehemu ya matokeo hayo. Vikitokea, vitibu kama pumu na ufikirie pia kwamba huenda uliambukizwa mafua au korona kwenye foleni au kabla yake.

Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Hapa ndipo mwenye pumu anapohitaji uangalifu kuliko jirani yake, kwa sababu watu wazima wapatao 7 katika kila 100 wenye pumu hubanwa na kifua, wakati mwingine vibaya sana, wakimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Vidonge vya maumivu vya mchanganyiko vinavyouzwa dukani bila cheti vinaweza kuwa na aspirini ndani yake, ambayo kwenye pakiti huandikwa pengine kwa jina lake refu la acetylsalicylic acid. Soma pakiti, au mwambie muuza dawa wazi kwamba una pumu. Ambaye amewahi kutumia ibuprofeni mara kadhaa bila tatizo hana sababu ya kuiogopa sasa. Nadhani mashambulizi mengi yaliyosingiziwa chanjo yangestahili kuchunguzwa kwanza kwa swali moja: ulimeza kidonge gani usiku ule?

Kuna pia nyungu. Kujifukiza kwa majani chini ya blanketi kulienea sana nyakati za korona, na wapo wanaorudia desturi hiyo baada ya chanjo ili kuutoa uchovu. Mvuke mkali, moshi wa mkaa na harufu za majani huchokoza njia za hewa zenye pumu, na hauisaidii kinga inayojengwa mwilini. Pumzika, kunywa maji, na uendelee na dawa ya kuzuia.

Hatua ya saba: kukosa pumzi kusiko kwa pumu

Mtu aliyeishi na pumu miaka mingi huizoea kiasi kwamba kila anapokosa pumzi huikimbilia inhela. Katika wiki zinazofuata chanjo, mazoea hayo yanaweza kuficha matatizo mawili ambayo ni nadra lakini yanahitaji hospitali. La kwanza ni uvimbe wa msuli wa moyo, uliojitokeza zaidi kwa vijana wa kiume ndani ya wiki moja baada ya dozi ya pili ya Pfizer au Moderna: kifua huuma badala ya kubana tu, moyo hudunda ovyo, na pumzi huisha bila mluzi. La pili ni kuganda kwa damu pamoja na kupungua kwa chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuigandisha), lililohusishwa na AstraZeneca na Johnson & Johnson, kwa kawaida kati ya siku ya 4 na ya 30: maumivu ya kichwa makali yasiyoisha, mguu mmoja kuvimba, tumbo kuuma, vidoa vidogo vya damu chini ya ngozi, au kukosa pumzi ghafla. Kipimo rahisi cha nyumbani ni dawa yako ya bluu. Ikiwa umeivuta kwa usahihi na pumzi haijabadilika, na hakuna mluzi wala kikohozi ulichokizoea, acha kuiita pumu, nenda hospitali, na umwambie daktari ulichanjwa lini na kwa chanjo gani.

Hatua ya nane: kumbukumbu na dozi inayofuata

Kwenye kadi au cheti chako hakikisha pameandikwa jina la chanjo, tarehe na namba ya toleo, na kwa mkono wako ongeza kilichotokea: homa ya siku ngapi, kifua kilikuwaje, dawa gani ulimeza. Tatizo kubwa liripotiwe kituoni ili lifike kwenye mamlaka ya dawa, hata kama limekwisha. Shambulio la kawaida la pumu baada ya dozi ya kwanza, lisiloambatana na dalili za mzio, halizuii dozi nyingine mara kifua kinapotulia. AstraZeneca iliondoa chanjo yake sokoni mwaka 2024, kwa hiyo aliyeanza nayo atapewa ya aina nyingine, na ratiba ya dozi za nyongeza kwa wenye magonjwa sugu hutofautiana baina ya nchi na nchi, hivyo iulize kliniki yako unapokwenda kuchukua dawa ya kuvuta. Chanjo ya mafua, panapopatikana, inaweza kutolewa siku hiyo hiyo kwenye mkono mwingine.